Belize: Nchi iliyozaliwa na mbao, ikadaiwa kwa barabara

Bendera za mataifa mengi hazina sura ya binadamu. Zina nyota, zina mwezi, zina ndege, na hii yetu ina ngao na mikuki. Bendera ya Belize ni kinyume. Katikati yake wamesimama wanaume wawili wasio na shati, mmoja ameshika shoka na mwenzake kasia, na nyuma yao umesimama mti wa mahogani. Chini ya miguu yao kuna maneno matatu ya Kilatini ambayo maana yake ni kuwa, nasitawi nikiwa kivulini.

Ukitaka kuifahamu nchi hiyo, waulize wanaume hao shoka na kasia ni za kazi gani. Na ukitaka kufahamu kwa nini jirani yake alidai zaidi ya nusu ya ardhi yake hata wakafikishana The Hague, itakubidi uulize habari za barabara moja iliyoahidiwa mnamo 1859 isijengwe. Mti na barabara, basi, ndivyo vitakavyotuongoza leo.

Nchi yenyewe ni ndogo. Ukubwa wake ni kilomita mraba 22,966, yaani haifikii hata Kaunti ya Kitui. Kaskazini imepakana na Mexico, magharibi na kusini imezungukwa na Guatemala, na mashariki inatazama Bahari ya Karibea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiotimia laki nne. Watu hao wachache wanazungumza Kiingereza, Kikrioli, Kihispania, Kigarifuna, lugha tatu za Wamaya, na hata Kijerumani cha kale. Lugha rasmi ni Kiingereza, na katika Amerika ya Kati yote hutapata nchi nyingine iliyo hivyo. Wengine wote wanaowazunguka walitawaliwa na Mhispania.

Sababu ni mti, ingawa wa kwanza haukuwa mahogani. Katikati ya karne ya 17, vijito na visiwa vya pwani hiyo vilikuwa maficho ya maharamia wa Kiingereza waliovizia meli za Uhispania. Miongoni mwa vitu walivyopora ni magogo ya mti mmoja mfupi, uliopindapinda, unaomea kwenye vinamasi. Kiini chake kikichemshwa hutoa rangi ya zambarau na nyeusi, na viwanda vya nguo za sufu huko Ulaya viliililia rangi hiyo. Maharamia wakapiga hesabu. Badala ya kungoja Mhispania aukate ndipo waupore, kwa nini wasiukate wenyewe? Hivyo ndivyo koloni hilo lilivyoanza, kwa wezi kugeuka wakata kuni. Uhispania ilidai kuwa nchi ni yake, na katika mikataba ya 1763 na 1783 iliwaruhusu Waingereza wakate miti tu, wasijenge ngome. Hata mkataba wa 1786, ulioongeza ruhusa ya kukata mahogani, uliwakataza kulima mashamba makubwa na kujiundia serikali. Kwa maneno mengine, walikuwa wapangaji.

Rangi iliposhuka bei, matajiri wa London walikuwa wameanza kupenda meza na makabati ya mahogani. Mahogani ni mti mkubwa na mzito, na kazi yake ilihitaji watu wengi. Watu hao walikuwa watumwa Waafrika, wengi wakipitishiwa Jamaica na Bermuda. Habari zao za kwanza zilizoandikwa zatoka kwa mmishonari wa Kihispania mnamo 1724.

Hebu tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Kundi moja lilikuwa na watu kumi au kumi na wawili hivi. Wa kwanza alikuwa mtafutaji. Mahogani haimei pamoja kama msitu wa misonobari. Mmoja uko hapa, mwingine mbali huko. Mtafutaji aliingia msituni peke yake, akaukwea mti mrefu kuliko yote, akaangaza macho juu ya majani hadi akaona rangi ya majani anayoyataka. Akishuka, ilimbidi akumbuke njia bila ramani. Mtu huyo alikuwa na thamani kubwa kwa bwana wake, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kisha walifuata watu wa shoka. Shina la mahogani lina mizizi mipana iliyosimama kama kuta, kwa hivyo walijenga jukwaa la miti kulizunguka, kimo cha futi kumi na mbili au zaidi kutoka ardhini, wakakata wakiwa wamesimama juu hapo. Gogo likisha kuanguka na kuchongwa, lilivutwa na maksai hadi mtoni. Lilivutwa usiku, kwa mwanga wa mienge, kwa kuwa jua la mchana lingewamaliza wanyama. (Watu je? Hilo halikuwashughulisha mabwana.) Mvua kubwa ziliponyesha na mito kufurika, magogo yaliingizwa majini, na hapo ndipo kasia lilipokuwa na kazi: watu waliyafuata kwa mitumbwi hadi karibu na mlango wa mto, ambako minyororo ilitandazwa kuyazuia yasiponyoke kuingia baharini.

Wako walioandika kuwa utumwa wa Belize ulikuwa mwepesi kuliko ule wa mashamba ya miwa ya Jamaica, ati kwa kuwa mtumwa alitembea msituni na shoka mkononi bila mnyapara wa kumchapa kila saa. Huo wepesi siuoni. Kama maisha yalikuwa matamu, mbona watu waliasi mnamo 1765, 1768, 1773 na 1820? Mbona wengi walitorokea kwa Wahispania? Katika maasi ya 1820, yaliyoongozwa na wanaume wawili walioitwa Will na Sharper, hata msimamizi wa Kiingereza, George Arthur, alikiri kuwa watu hao walikuwa wametendewa ukatili usio na sababu.

Kwa miezi mingi mume alikuwa msituni na mke mjini. Krismasi ndiyo iliyowakutanisha. Makundi yalirudi, ngoma zikapigwa usiku kucha, na kila taifa la Afrika likacheza kivyake. Sehemu moja ya mji iliitwa Eboe Town kwa sababu ya Waigbo waliokaa hapo. Kutokana na kambi hizo za mbao ulizaliwa muziki unaoitwa brukdown, unaopigwa kwa kodiani, banjo, ngoma na, usishangae, taya la punda. Meno ya taya hilo hukwaruzwa kwa kijiti nalo likatoa mlio mkavu wenye kuchezesha. Bingwa wa muziki huo, Wilfred Peters, aliyefariki mwaka 2010, aliupiga hadi uzeeni.

Sasa tushuke tukaione nchi. Ndege yako itatua katika uwanja wa kimataifa ulio kilomita chache kutoka mji wa Belize City. Usipite jina la uwanja huo bila kulisoma: Philip Goldson. Hakuwa rais wala jenerali. Alikuwa mhariri wa gazeti. Mnamo 1951 serikali ya kikoloni ilimtia jela kwa kosa la uchochezi, kwa ajili ya yale aliyoyachapisha. Mnamo 1966 alifichua hadharani mapendekezo ya siri ambayo, kwa maoni yake, yangeiuza nchi kwa Guatemala, na mji ukafurika waandamanaji. Ni nchi ngapi unazozijua zilizompa mhariri uwanja wa ndege?

Belize City ni mji wa nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, barabara nyembamba na maji kila upande. Ardhi yake haijainuka sana kutoka usawa wa bahari. Katikati kuna daraja la chuma la miaka ya 1920 ambalo huzungushwa ili mashua zipite, na kwa miaka mingi lilizungushwa kwa nguvu za mikono ya wanaume tu. Ng'ambo kidogo utaona kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yohana, ambalo watumwa walianza kulijenga mnamo 1812. Ndani ya kanisa hilo Waingereza waliwatawaza wafalme wa Wamiskito wa pwani ya kusini, wafalme waliokuwa vibaraka wao.

Ukifika mwezi wa Septemba, tarehe 10, utakuta mji umepambwa. Siku hiyo mnamo 1798, manowari moja ya Kiingereza, mashua za walowezi na watumwa wao waliizuia meli za Uhispania karibu na kisiwa cha St George's Caye. Mwaka mmoja kabla, walowezi walikuwa wamepiga kura wakimbie au wabaki. Waliotaka kubaki walikuwa 65, waliotaka kuondoka 51. Kwa tofauti ya kura 14, msomaji, Belize ikabaki kuwa Belize. Watoto hufundishwa shuleni kuwa mtumwa na bwana walipigana bega kwa bega. Wanahistoria wa nchi hiyo wamelibishania neno hilo kwa muda mrefu, maana anayepigana akiwa mali ya mtu hakuulizwa kama anataka. Hata hivyo sherehe haijapungua.

Ni katika sherehe hiyo hiyo, tarehe 10 Septemba 1931, watu wakiwa barabarani wanaimba, ambapo kimbunga kiliingia kutoka baharini na kuua watu wapatao 2,500. Miaka thelathini baadaye, alfajiri ya tarehe 31 Oktoba 1961, kingine kilichoitwa Hattie kiliupiga tena mji. Serikali ikasema basi. Mji mkuu mpya ukajengwa bara, kilomita 80 hivi kutoka baharini, ukaitwa Belmopan, na kufikia 1970 serikali ilikuwa imehamia huko. Wananchi wengi hawakuhama. Belmopan umebaki mji mdogo mtulivu wa makarani, wenye jengo la bunge lililochorwa kwa mfano wa hekalu la Wamaya, huku Belize City ukiendelea kuwa na kelele, biashara na hofu ya maji.

Njiani kwenda Belmopan utapita kijiji kinachoitwa Hattieville. Kilianza kama kambi ya waliobomolewa nyumba na kimbunga hicho. Walipewa makao ya muda, na muda huo haujaisha.

Ukiingiwa na njaa siku ya Jumapili, huna haja ya kuuliza kuna nini. Ni wali na maharagwe mekundu uliopikwa pamoja katika chungu kimoja kwa tui la nazi, na kando yake kuku wa mchuzi uliokolezwa kwa unga mwekundu wa mbegu. Mpwani wa Kenya akiuonja atajiona yuko nyumbani. Ila tahadhari: wali na maharagwe yaliyopikwa mbalimbali ni chakula kingine chenye jina jingine, na ukivichanganya viwili hivyo mbele ya mama wa Kikrioli utasahihishwa papo hapo. Asubuhi wana maandazi yao ya kukaangwa yanayofura kama mahamri. Ukimaliza, utasikia mtu akimsalimia mwenzake "Weh di go aan?" Ni Kikrioli, lugha iliyotokana na Kiingereza cha mabwana na ndimi za Kiafrika, na maana yake ni kama kuuliza, vipi mambo?

Kutoka Belmopan geukia kusini mashariki. Barabara inapanda vilima vya msitu, inashuka katika mashamba ya machungwa, na mwisho wake ni bahari tena, katika mji wa Dangriga. Hapa, msomaji, ningekuomba ukae siku mbili tatu, kwa kuwa ni makao ya Wagarifuna, na kisa chao ni cha ajabu.

Katika kisiwa cha St Vincent, Waafrika waliookoka katika meli za watumwa zilizovunjika, pamoja na wengine waliotoroka visiwa jirani, walipokelewa na wenyeji Wakaribi. Wakaoana, wakawa taifa moja jipya lenye ngozi ya Afrika na lugha ya Amerika. Hawakuwa watumwa wa mtu. Waingereza walipotaka ardhi yao ya kupanda miwa, walipigana. Kiongozi wao, Joseph Chatoyer, aliuawa mwezi Machi 1795. Mwaka uliofuata walionusurika, wapatao 5,000, walikusanywa wakatupwa katika kisiwa kikavu cha Baliceaux, na karibu nusu yao wakafia huko kwa maradhi na njaa. Waliobaki, zaidi kidogo ya 2,000, walipakiwa melini mnamo 1797 na kumwagwa katika kisiwa cha Roatán, pwani ya Honduras.

Kutoka hapo walisambaa. Kundi kubwa lililokimbia vurugu za Honduras likiongozwa na Alejo Beni liliingia Belize kwa mitumbwi tarehe 19 Novemba 1832. Kila mwaka siku hiyo, jua linapochomoza, mitumbwi huonekana tena baharini ikiwa imepambwa kwa majani ya mnazi, ndani yake wazee kwa vijana wamebeba mihogo, migomba na ngoma, na umati ufukweni unawapokea kwa nyimbo. Aliyepigania siku hiyo iadhimishwe ni Thomas Vincent Ramos, mwalimu na mhubiri, kuanzia 1941. Leo ni sikukuu ya taifa zima.

Lugha yao ina jambo litakalokuchekesha. Baadhi ya vitu vina majina mawili, moja la wanaume na jingine la wanawake, na hesabu zao nyingi zimetokana na Kifaransa. Chakula chao kikuu kiitwacho hudut hutwangwa kwa kinu na mchi: ndizi za kupika zilizochemshwa zikapondwa hadi zikashikana, zikaliwa kwa samaki wa mchuzi wa nazi. Mkate wao ni wa muhogo. Muhogo huparuzwa, ukatiwa katika kifuko kirefu cha kusukwa kinachoning'inizwa na kuvutwa hadi maji yenye sumu yakatoka yote, kisha unga wake ukachomwa juu ya bamba pana. Wakati wa Krismasi wanaume huvaa vinyago vya uso mweupe na kucheza jankunu, ngoma ya kumdhihaki bwana wa Kizungu wa zamani. Mchezaji ndiye anayemwongoza mpiga ngoma, mpiga ngoma akifuata miguu yake. Kombe za konokono wa baharini zilizofungwa magotini hulia kila hatua.

Lakini usidhani kuwa mambo hayo yamejihifadhi yenyewe. Mapema miaka ya 1980, kijana mmoja wa Kigarifuna kutoka kijiji cha Barranco, Andy Palacio, alikwenda Nicaragua kusaidia katika kampeni ya kusomesha watu wazima. Huko akawakuta Wagarifuna wenzake ambao lugha ilikuwa imebaki midomoni mwa wazee wachache tu. Alirudi na woga wa mtu aliyeyaona ya kesho yake. Akaamua kuimba Kigarifuna. UNESCO iliitangaza lugha, ngoma na muziki wa Wagarifuna kuwa urithi wa binadamu mnamo 2001. Albamu ya Palacio na wenzake, Watina, ilitoka 2007 na kusifiwa duniani kote. Mwezi Januari 2008 alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 47. Mjini Dangriga sasa kuna shule ya msingi, Gulisi, inayofundisha Kigarifuna. Sisi tunaoona aibu wanetu wakizungumza lugha ya nyanya yao mbele ya wageni, tungefaidika kuitembelea.

Rudi sasa hadi Belmopan, ushike barabara ya magharibi. Utaingia wilaya ya Cayo, nchi ya vilima, ng'ombe na mito. Katika soko la San Ignacio siku ya Jumamosi utawakuta karibu Wabelize wote mahali pamoja. Yuko Mmestizo, mjukuu wa waliokimbia vita vya Yucatán baada ya 1847 na kuleta kilimo cha miwa kaskazini. Yuko Mhindi ambaye wazee wake waliletwa vibarua karne ya 19, hata jina lake la Kihindi amelisahau. Yuko Mchina mwenye duka, Msalvador aliyekimbia vita vya miaka ya 1980. Na yuko mzungu mwenye ndevu, kofia ya majani na suruali ya kamba za mabegani, ambaye hazungumzi na mtu ila kuhusu bei ya mayai. Huyo ni Mmenonaiti. Walianza kuja kutoka Mexico mnamo 1958, wakaahidiwa kutolazimishwa kuingia jeshini, na leo kuku, mayai na maziwa ya nchi hiyo kwa wingi hutoka kwao. Baadhi hawataki umeme wala gari, na husafiri kwa mkokoteni wa farasi.

Walio wazee kuliko wote hao ni Wamaya. Huko misituni uko mji wao wa kale, Caracol, ambao jiwe moja lenye maandishi lasimulia kuwa uliushinda mji mkubwa wa Tikal mnamo 562. Jengo lake refu lina mita 43 hivi, na kwa karne nyingi halikuwahi kupitwa na jengo lolote nchini. Na unajua ni nani aliyeuonyesha ulimwengu mji huo? Mtafuta mahogani. Jina lake Rosa Mai, mwaka 1937, akiwa katika kazi ile ile ya kuangaza macho msituni. Wamaya wa leo hawamo katika vitabu vya kale tu. Wale wa wilaya ya Toledo, kusini, waliishtaki serikali kuhusu ardhi ya mababu zao, na mnamo 2015 mahakama ya juu ya Karibea ikaithibitisha haki yao.

Ardhi ndiyo donda la nchi hiyo tangu mwanzo. Walowezi wa kwanza walijigawia misitu bure. Utumwa ulipofutwa mnamo 1834, na kile kipindi cha kuwashikilia waliokuwa watumwa kilipokwisha 1838, serikali iliamua ghafla kuwa ardhi sasa itauzwa pauni moja kwa ekari. Bei hiyo iliwekwa ili aliyekuwa mtumwa asiipate, akabaki kukata miti ya yule yule. Aliandikishwa kazi wakati wa Krismasi, akapewa mshahara wa awali, akautumia mjini katika sikukuu, akaingia msituni akiwa mdaiwa, na huko akanunua unga na nyama ya chumvi katika duka la tajiri kwa bei ya tajiri. Mwaka ukiisha deni liko pale pale. Kufikia mwisho wa karne hiyo kampuni moja ya London ilimiliki karibu nusu ya ardhi yote ya watu binafsi. Sisi tulioambiwa Nyanda za Juu si zetu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Endelea na barabara. Karibu na kijiji cha Succotz, ng'ambo ya mto Mopan, panda hekalu la Xunantunich, jina ambalo maana yake ni mwanamke wa jiwe. Ukifika kileleni, tazama magharibi. Misitu unayoiona kule ni Guatemala. Hapo ndipo penye kisa cha barabara.

Uhispania ilipoondoka Amerika ya Kati mnamo 1821, Guatemala ilisema imeirithi Belize. Tarehe 30 Aprili 1859 Waingereza na Guatemala walitia sahihi mkataba wa mpaka. Kifungu cha saba kilisema pande zote mbili zitafanya juhudi kujenga njia rahisi kutoka mji wa Guatemala hadi pwani ya Karibea karibu na Belize. Guatemala ilikuwa na kahawa na bidhaa nyingine za kuuza, nayo haikuwa na njia nzuri ya kuzifikisha baharini upande huo. Lakini ahadi ni deni. Waingereza walikwisha kupata mpaka wao, na shauku ya kujenga ikapoa. Mnamo 1863 walikubali kulipa pauni 50,000 badala yake, lakini mapatano hayo hayakuidhinishwa kwa wakati, na fedha hizo hazikulipwa. Barabara haikujengwa, na miaka ikapita. Katika miaka ya 1940 Guatemala ilisema mkataba umekufa, na katiba yake ya 1945 ikaitaja Belize kuwa sehemu yake.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni watu waliokuwa wakidai uhuru. Mkesha wa mwaka mpya wa 1949, gavana alishusha thamani ya dola yao akilipuuza baraza lao, na bei za vitu zikapanda. Kutokana na hasira hiyo kilizaliwa chama cha PUP mnamo 1950. Kiongozi wake mkuu, George Price, alikuwa amesomea upadri. Hakuoa, aliishi kwa unyenyekevu, na alizunguka vijijini kwa Land Rover hadi watu wakamzoea kama jamaa. Serikali ya ndani ilipatikana 1964. Jina la kikoloni, Honduras ya Uingereza, lilitupwa mnamo 1973. Uhuru kamili ukakawia, kwani Mwingereza akiondoka asubuhi, nani angemzuia jirani jioni? Katika miaka ya 1970 jeshi la Guatemala lilisogea mpakani zaidi ya mara moja, na Uingereza ikaleta askari na ndege za kivita.

Price akaipeleka kesi yake kwa dunia. Aliomba kura ya nchi moja baada ya nyingine, hata miongoni mwa jirani waliozungumza Kihispania kama Guatemala. Mwezi Novemba 1980 nchi 139 katika Umoja wa Mataifa ziliunga mkono uhuru wa Belize, saba zikajizuia, na hakuna iliyopinga. Tarehe 21 Septemba 1981 bendera ile yenye wanaume wawili ikapandishwa. Guatemala ilikataa kuitambua nchi hiyo hadi 1991, na hata ilipoitambua haikufuta madai yake.

Mwishowe walikubaliana kuwauliza wananchi. Wapiga kura wa Guatemala walikubali mnamo 2018 kesi iende The Hague, katika mahakama ile ile iliyoamua mzozo wetu na Somalia wa mpaka wa baharini mnamo 2021. Belize ilipiga kura yake tarehe 8 Mei 2019. Fikiria ugumu wa karatasi hiyo: unaulizwa kama uko tayari majaji wa mbali waamue iwapo nchi yako ni yako. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 55. Waliosema la hawakuwa waoga. Walisema mtu haendi kortini kutetea nyumba anayolala. Mwezi uliofuata kesi ikakabidhiwa majaji.

Wakati huo huo barabara unayosafiria, ambayo tangu 2012 inaitwa kwa jina la George Price, inapita mji wa Benque Viejo na kufika mpakani. Imetiwa lami kutoka baharini hadi hapo. Upande wa pili ni mji wa Melchor de Mencos, Guatemala, ambako Wabelize huvuka kwenda kununua viatu, sufuria na nguo za shule kwa kuwa bei ni nafuu. Jioni utawaona wakirudi na mizigo kichwani, wakipanga foleni ya pasipoti, wakizungumza Kihispania na karani wa upande mmoja na Kikrioli na wa upande mwingine.